Wajuzi wa Kihispania: "hasta" ni HADI au ni KUANZIA? Limenigharimu saa tano za baridi

#1 SufuriaMbili
Wakuu habari. Niko Houston, jikoni kwenye mgahawa, kazi yangu ni vyombo na kumenya vitunguu. Wenzangu karibu wote Wameksiko, kwa hiyo Kihispania nimekiokota humo humo kati ya sufuria. Jumanne usiku msimamizi wangu, mtu wa Puebla, akanitumia ujumbe: "Mañana entras hasta las once."

Mañana ni kesho. Entras, unaingia. Las once ni saa tano yetu. Hasta nilishafundishwa ni "hadi". Nikajiambia kesho zamu fupi: naingia saa kumi na mbili kama kawaida, saa tano natoka, mchana nalala kama mfalme.

Nikafika mapema. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, na baridi ya Januari ya hapa ina unyevu, inaingia mpaka kwenye soksi. Nikakalia kreti la maziwa nyuma ya jengo, pembeni ya mapipa ya taka. Saa tano kasoro robo bosi akaja, akauliza nimefika saa ngapi. Nilipomwambia akashika kichwa. "Hasta las once, hermano. HASTA!" Utadhani kulitamka kwa kelele ndiyo tafsiri yenyewe.

Naombeni msaada. Hili neno lina maana ngapi?

#2 JongooTreni
Saa tano za baridi ukisubiri saa tano. Hesabu imekubali mkuu. Nimevuta kiti, siyo kreti.

#3 DaktariMchovu
Pole sana SufuriaMbili. Mimi ni Mkenya, nilipelekwa Cuba 2018 kusoma, nikakaa miaka miwili Santa Clara.

Ulivyofundishwa ni sawa: hasta ni hadi. Desde las seis hasta las once, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano. Shida yako ni kwamba Mmeksiko amemeza "no". Kihispania cha vitabuni kingesema "No entras hasta las once", huingii hadi saa tano. Yeye kaiacha hiyo "no" kwa sababu kwao kila mtu anajua ipo. Mcuba angekwambia tu "entras a las once", mambo yakaisha.

Usijilaumu. Mtu wa Madrid angepokea ujumbe huo huo angekalia kreti na wewe.

#4 Kichuguu_Arusha
Daktari kasema kweli ila siyo Meksiko peke yake. Natembeza watalii, nimepata wa Kolombia, wa Ekwado na wa Amerika ya Kati, nao wanayo. Kuna mama wa Bogotá aliniuliza getini kama ni kweli "abren hasta las seis". Nikamjibu sí, sí, nikidhani anauliza kama wanafunga saa kumi na mbili jioni. Kumbe anauliza kama hawafungui kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Bahati nzuri geti la hifadhi linafunguliwa saa kumi na mbili na kufungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo sí yangu ilikuwa sahihi pande zote mbili. Sikustahili ile bahashishi.

#5 SufuriaMbili
Kwa hiyo "abrimos hasta las diez" mlangoni maana yake ni nini? Wanafunga saa nne au wanafungua saa nne?

#6 DaktariMchovu
Ukiwa Hispania: wako wazi hadi saa nne. Ukiwa Meksiko: angalia jua liko wapi, kisha uulize jirani.

#7 MtotoWaMtanga
Mbona hata sisi tunasema hivyo? Mama yangu ukimuuliza baba yuko wapi: "Baba anarudi mpaka jioni." Hajasema harudi, kasema anarudi, na hakuna mtu nyumbani anayedhani baba atakuwa anarudi-rudi tangu asubuhi hadi jioni.

#8 Bi Kanga Mbili
@MtotoWaMtanga mama yako na yeye kameza neno. Inatakiwa "mpaka jioni ndiyo anarudi". Bila "ndiyo" sentensi inachechemea. Sijawahi kumsikia mtu mzima akisema ulivyoandika.

#9 MtotoWaMtanga
Dada, mama yangu ana miaka 71. Mtu mzima unamtaka wa umri gani?

#10 Msema_Kweli_Mpya
Mnazunguka sana. Hasta na "hata" ya Kiswahili ni neno moja. Wareno walipotawala pwani yetu, kuanzia Vasco da Gama 1498 mpaka walipong'olewa Fort Jesus 1698, ndio waliotuachia "hata". Meza, leso, gereza, mvinyo, bendera, hata. Mzigo mmoja huo.

#11 Ngalawa Kavu
@Msema_Kweli_Mpya ndugu yangu, nusu umepata na nusu umeizamisha. Mreno hasemi hasta, husema "até". Angetuachia yake tungekuwa tunasema "ate kesho".

Mie mtu wa Unguja, niko Maskati mwaka wa kumi na moja. "Hata" yetu ni ya Kiarabu, حتى. Aliyesoma chuoni udogoni anaijua kabla hajajua kufunga viatu. Sura ya Laylatul Qadr inaishaje? "Salaamun hiya hatta matla'il fajr." Amani usiku huo mpaka kuchomoza kwa alfajiri. Hatta hiyo ndiyo hata yetu, na Mhispania naye kaichukua kwa Waarabu wa Andalusia, waliokuwa huko tangu 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492. Kwa hiyo hasta na hata ni ndugu, ila hawakuzaana. Mama yao mmoja: mmoja kalelewa Granada, mwengine Unguja.

#12 JongooTreni
Mmoja kapewa "s" akiwa njiani. Mahari?

#13 Ngalawa Kavu
Hiyo "s" ndiyo inayowagombanisha wataalamu.

#14 Kalamu ya Mkaa
Naam, na hapo ndipo ninapokataa kumpa Mwarabu kila kitu. Wapo wanaoitafuta hasta kwenye Kilatini, "ad ista", yaani mpaka haya. Hapo "s" na "t" unazipata bila kuhangaika. Kamusi ya Akademia ya Kihispania (ile iliyoanzishwa 1713) imekaa katikati: inasema neno ni la Kiarabu cha Andalusia, likaathiriwa na ad ista. Jibu la mzee wa kikao ambaye hataki kumuudhi mtu.

Na kumbukeni Kihispania cha kale kiliandika "fasta". "f" ya mwanzo ikawa "h", kama fijo ilivyokuwa hijo, mwana. Leo hiyo "h" haitamkwi kabisa, wanasema "asta".

#15 Ngalawa Kavu
Kilatini hakielezi kitu kimoja, bwana Kalamu. Hatta ya Kiarabu ina maana mbili: kikomo, na "mpaka yeye naye". Hata ya Kiswahili ina zote mbili. Hasta ina zote mbili: hasta mañana, mpaka kesho, hasta yo lo sé, hata mimi nalijua. Ad ista yako imeitoa wapi hiyo ya pili?

#16 Kalamu ya Mkaa
Kutoka "mpaka kwa fulani" kwenda "hata fulani" ni hatua moja tu, lugha nyingi huipiga zenyewe bila Mwarabu. Hata "mpaka" ya Kibantu imeipiga: "mpaka watoto wamekuja". Umefundishwa na nani hiyo, Sibawayhi, yule mwanasarufi wa Kiarabu?

#17 Ngalawa Kavu
😂 Hilo la "mpaka" nakupa. La hasta sikupi.

#18 NdiziMzuzu
Habari zenu. Niko Valencia, nimecheka peke yangu kwenye basi. Mimi hasta ilinipiga upande mwingine.

Wiki yangu ya kwanza, ndani ya lifti, bibi wa ghorofa ya nne akanisalimia vizuri, akashuka kwake akasema "¡hasta luego!" Hasta hadi, luego baadaye. Hadi baadaye! Nikajua bibi wa watu atakuja kunitembelea. Nikapika chai ya tangawizi, nikakaanga maandazi, nikatandika kitambaa mezani. Saa kumi kimya. Saa kumi na mbili kimya. Saa mbili usiku nimekula maandazi saba na hasira.

Kesho yake nikamkuta: "¡hasta luego!" Mwenye duka la mikate: hasta luego. Fundi wa bomba ambaye sitamuona tena mpaka kiama: 'ta luego! Ni kuaga tu.

#19 Kichuguu_Arusha
Lakini dada si ndiyo "baadaye!" ya kwetu? Mtu anakwambia baadaye halafu mnaonana mwakani.

#20 NdiziMzuzu
Kaka ndiyo maana hasira ziliniisha. Nilipoilinganisha na "baadaye" nikaona mjinga alikuwa nani.

Halafu mjue, ukiambiwa "hasta ahora" usidhani ni "hadi sasa" tu. Huku ni kuagana pia: naja sasa hivi, tunaonana muda si mrefu. Na "hasta nunca" ni ya mtu uliyemaliza naye. Ukiipata kwenye simu, futa namba.

#21 Katangais_Mupole
Jambo bandugu. Huku Lubumbashi "mupaka" ndio inafanya kazi yote. Mupaka kesho, na tena "iko mupaka wewe", ni wewe tu. Naona "hasta" ya ule mubosi wa Houston inafanana na yetu: saa tano tu, si mbele yake.

#22 SufuriaMbili
@Katangais_Mupole hii imenikaa. "Saa tano tu, si kabla." Ningeambiwa hivyo Jumanne ningelala.

#23 Kichuguu_Arusha
Ngoja niwape aibu yangu, wanafunzi wa Kihispania msiirudie. Tarangire, siku nzima hatujaona simba. Nikataka kuwatania wageni: "hata simba mmoja hatujamuona". Nikatafsiri neno kwa neno nikiwa najiamini: "Hasta un león no hemos visto."

Gari zima kimya. Mzee mmoja wa Seville akanigusa bega taratibu: "No hemos visto NI un león." Ni! Kwenye kukanusha, hata inageuka "ni".

#24 DaktariMchovu
Hapa ndipo sisi Waswahili tunapoangukia. Udugu wa hata na hasta ni mtego. Sentensi ikiwa ya kukubali wanaenda pamoja: hata watoto wanajua, hasta los niños lo saben. Ikikanusha, wanaachana njia panda. Sina hata shilingi: no tengo ni un chelín. Hata hakunisalimia: ni siquiera me saludó. Mwingine akisema "sikumuona" na wewe unataka kusema "hata mimi": yo tampoco, si hasta yo. Na "hata kama mvua inanyesha" ni aunque llueva. Nimesikia Mkenya mwenzangu akisema "hasta si" wodini, nesi akadhani anahesabu kitu.

#25 Bi Kanga Mbili
Na ile "hata!" ya mtu akikataa? "Umechoka?" "Hata!"

#26 DaktariMchovu
¡Qué va! Usiguse hasta kabisa hapo.

#27 Mwanafunzi_Mkongwe
Daktari, nisaidie moja. Mwalimu wangu kwenye programu ya simu ananikosoa kila nikiandika "hasta mí lo sé". Si inatakiwa mí baada ya kihusishi? Para mí, de mí, hasta mí?

#28 DaktariMchovu
Inategemea hasta ipi. Ya mahali na kikomo inataka mí: "El perro llegó hasta mí", mbwa alifika hadi nilipo. Ya "hata" inataka yo: "Hasta yo lo sé." Kwa hiyo mbwa akija hadi kwako ni mí, na hata wewe ukija ni yo.

Na kuna kitu kimoja kitakufurahisha. Wanafunzi wa lugha nyingine hulia machozi kwenye "hasta que". Espera hasta que venga, lakini esperé hasta que vino. Venga ni la jambo ambalo halijatokea, vino limeshatokea. Mswahili analia nini? Subiri hadi AJE. Nilisubiri hadi ALIPOKUJA. Hiyo "-e" ya "aje" unayo tangu unanyonya. Ukiona hasta que, jiulize Kiswahili kingesema "aje" au "alipokuja", umemaliza.

#29 Mwanafunzi_Mkongwe
Daktari miezi minne nimelipia programu na hakuna aliyeniambia hivyo. Ubarikiwe.

#30 JongooTreni
Lipia na uzi huu sasa.

#31 Msema_Kweli_Mpya
Sawa, la Wareno nimefuta kauli. Ila leso na gereza ni za Wareno, msije mkanifutia na hizo.

#32 Ngalawa Kavu
Hizo zako, shika. Na kama wataka ndugu wengine wa kweli kati ya Kihispania na Kiswahili, wale wa mama Mwarabu: azúcar ni sukari. Fulano ni fulani, Fulano de Tal ni fulani bin fulani. Alcalde, meya wao, ni kadhi aliyeacha sheria akaingia siasa. Tarifa ni bei, kwetu imekuwa taarifa. Ojalá nayo ina Allah ndani yake, jirani wa inshallah, ila Mhispania huitumia hata akiwa hajakanyaga msikiti wala kanisa.

Na kuhusu hatta, msidhani Waarabu wenyewe wametulia. Kuna mfano wa wanasarufi: "Nimekula samaki hatta kichwa chake." Irabu ya mwisho ya neno "kichwa" husomwa kwa namna tatu, na kila moja inabadilisha mlo: samaki aliliwa mpaka ukafika kichwani, au kichwa nacho kikaenda. Inasimuliwa kuwa al-Farra, mwanasarufi mkubwa, alisema atakufa na moyoni mwake bado mna kitu kuhusu hatta.

#33 Bi Kanga Mbili
Samaki gani huyo anayeachwa kichwa? Hao wanasarufi hawakuwahi kufika Forodhani. Kichwa cha changu cha kupaka ndipo palipo utamu, mashavu yale na nyama ya nyuma ya jicho. Nimekula samaki hata kichwa, nukta. Irabu moja inatosha.

#34 MtotoWaMtanga
Hapo hatugombani dada. Ila Kiswahili chenyewe "hata" kinatuchezea. Hadithi za bibi: "Hata siku moja sultani akatoka kwenda kuwinda." Yaani ikafika siku moja. Leo mwambie mtoto wa mjini "hata siku moja sultani", atasubiri useme "hakutoka". Kwake hata siku moja ni kamwe.

#35 Kalamu ya Mkaa
@MtotoWaMtanga hii ni hoja nzito kuliko zote humu. Neno la kikomo kwetu limeelemea kwenye kukanusha mpaka mtu anaisikia "ha-" hata kabla haijatamkwa. Mmeksiko ana hali ile ile ikitazama upande wa pili: anaisikia "no" hata isipotamkwa.

#36 Kichuguu_Arusha
Kuna mgeni aliniambia ni athari ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko.

#37 DaktariMchovu
Na Wakolombia na Waekwado walipata wapi hicho Kinahuatl? Kila jambo la Meksiko lisiloeleweka linabebeshwa Waazteki.

#38 Kichuguu_Arusha
Nimepeleka nilichoambiwa daktari, usinipige.

#39 NdiziMzuzu
Mimi naona ni kitenzi. Mlango kufunguka ni tendo la mara moja, halina "hadi" yake. Huwezi kufungua mlango kuanzia asubuhi hadi saa nne, labda uwe na bawaba mbovu. Kwa hiyo ukisikia abre hasta las diez, akili yenyewe inakwambia kinachodumu ni kule kufungwa. Lakini "fanya kazi hasta las once" huko huko Meksiko si inabaki kuwa hadi saa tano? SufuriaMbili tuulizie jikoni.

#40 SufuriaMbili
Nimeuliza. Wako sita. "Trabajo hasta las once": wote wanasema ni hadi saa tano, baada ya hapo natoka. "Entro hasta las once": wote wanasema saa tano ndiyo naingia. "Abren hasta las once": wanne kufungua, wawili wakasema inategemea ni duka la nini. Kisha wakaanza kubishana wao kwa wao na wali ukaungua. Msimamizi kasema nisiulize maswali tena saa za kazi.

#41 NdiziMzuzu
Si nimesema? Kitenzi!

#42 Kalamu ya Mkaa
Wawili kati ya sita wamekukataa dada, usishangilie mapema.

#43 Mwanafunzi_Mkongwe
Samahani, nusu mlingoti wanasema "a media hasta"?

#44 DaktariMchovu
A media asta, bila h. Asta ni mlingoti, pia pembe ya ng'ombe. Zinatamkwa sawa sawa, watoto wa shule wa Kihispania wenyewe zinawapiga kwenye imla.

#45 JongooTreni
Kwa hiyo SufuriaMbili alisimama kama asta hasta las once.

#46 NdiziMzuzu
😂😂 Huyu apewe uraia. Huku mtu akichoshwa anasema "estoy hasta las narices", imenifika puani. Kwetu inaishia shingoni, wao wana kina kirefu zaidi.

#47 SufuriaMbili
Wakuu, dharura. Leo Alhamisi. Nimetoka kazini, nimekaa kituoni, bosi kanitumia ujumbe sasa hivi: "Descansas hasta el lunes." Descansas ni unapumzika. Nina mapumziko hadi Jumatatu, au nafanya kazi mfululizo na siku yangu ya kupumzika ni Jumatatu?

#48 DaktariMchovu
Kupumzika kunadumu. Ni hadi Jumatatu. Lala.

#49 NdiziMzuzu
Daktari taratibu! Ni mtu wa Puebla, na "kupumzika" kwa watu wa zamu ni siku ya ofu. Ofu yako haiji hadi Jumatatu. Kesho nenda.

#50 Katangais_Mupole
Mupaka Jumatatu. Ni Jumatatu tu. Kesho kazi, ndugu.

#51 Ngalawa Kavu
Mpigie simu.

#52 SufuriaMbili
Nimempigia. Nimemuuliza: napumzika kesho, ndiyo au hapana? Kajibu "No, pues sí, hasta el lunes", akakata. Basi limefika.

#53 JongooTreni
Beba kreti.